Bawa la Simba na Bei ya Kukua Upesi: Uhakiki wa The Thief Lord

Ndugu wawili, Prosper mwenye umri wa miaka 12 na Bo mwenye miaka mitano, wamefiwa na mama yao mjini Hamburg, Ujerumani. Dada ya marehemu, Esther Hartlieb, pamoja na mumewe, wako tayari kumchukua Bo, kwa kuwa bado ni mdogo na ana sura inayompendeza kila amwonaye, Prosper hawamtaki. Watoto hawa hawangojei kutenganishwa. Wanatoroka na kusafiri hadi Venice, Italia, mji ambao mama yao alikuwa akiwasimulia habari zake, mji wa mifereji na wa simba wenye mabawa, na huko wanapokewa na kundi la watoto wasio na wazazi wanaoishi kwa wizi ndani ya jumba la sinema lililofungwa. Huo ndio mwanzo wa The Thief Lord, riwaya ya Cornelia Funke iliyotoka kwanza kwa Kijerumani mwaka 2000, ikiitwa Herr der Diebe, kisha ikatolewa kwa Kiingereza mwaka 2002 katika tafsiri ya Oliver Latsch.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma peke yangu, kwa siku mbili, bila kupumzika sana. Mara ya pili niliisoma kwa sauti pamoja na watoto wa kaka yangu, mkubwa ana miaka 12 na mdogo wake ana minane, nikisoma Kiingereza na kukieleza kwa Kiswahili kila tulipofika mahali pagumu. Usomaji huu wa pili ndio ulionifungua macho, kwa sababu mtu anapolazimika kulieleza jambo kwa lugha yake huligundua upya.

Tulikwama mapema, kwenye ukurasa ule ule Esther anapotajwa. Kwa Kiingereza anaitwa kwa neno moja tu linalomtosha dada wa baba, dada wa mama na hata mke wa mjomba. Kwetu hakuna neno la namna hiyo. Dada wa mama ni mama: ama mama mkubwa, ama mama mdogo. Nikachagua kumwita mama mkubwa, na hapo hapo mtoto mdogo akanikatiza: "Shangazi, mama mkubwa anawezaje kumchukua mmoja akamwacha mwingine?" Sikuwa na jibu, na naamini mwandishi naye hakukusudia tuwe nalo. Katika kitabu, Esther anaonekana kuwa mwanamke mwenye ubinafsi. Katika Kiswahili anakuwa mtu aliyevunja kitu ambacho hakikupaswa kuvunjika. Riwaya ilipata uzito mpya mbele yangu kwa sababu ya neno moja tu.

Kundi linalowapokea ndugu hao linakaa katika sinema ya zamani iitwayo Stella. Wanakundi wamejipa majina ya wadudu na wanyama, jambo lililowafurahisha sana wasikilizaji wangu nilipowafasiria: Mosca maana yake ni nzi, Riccio ni kalunguyeye, na msichana pekee wa kundi, anayependa vitabu kuliko kitu kingine chochote, amepewa jina la nyigu. Mkuu wao ni Scipio, mvulana anayeficha uso wake kwa kinyago cheusi chenye mdomo mrefu uliopinda kama wa ndege, anayekuja usiku na kuondoka usiku, na anayewaletea vitu vya thamani anavyosema ameviiba katika nyumba kubwa za mji. Wao kazi yao ni kuviuza. Anawalisha, anawavika, anawatafutia makazi, na hataki waibe wenyewe ovyo. Kwa watoto wanaolala chini ya skrini ya sinema isiyoonyesha tena picha, huyo ni zaidi ya mkubwa wa kundi.

Kuna tukio moja la mwanzoni ambalo napenda kulitaja kwa kina, kwa sababu linaonyesha jinsi Funke anavyojua kazi yake. Watoto wanapeleka bidhaa za Scipio kwa Ernesto Barbarossa, mwenye duka la vitu vya kale, mtu mnene mwenye ndevu nyekundu, mdomo mtamu na roho chafu. Mpaka siku hiyo Riccio ndiye aliyekuwa akizungumza naye bei, na kila mara alipunjwa. Safari hii anayesimama mbele ya meza ni Prosper, ambaye wizi wenyewe haupendi na ambaye moyo unamdunda kwa hofu. Miongoni mwa vitu vilivyoletwa kuna koleo ndogo ya fedha ya kuchukulia sukari, na mwandishi anatuonyesha jicho la Barbarossa likiiangukia kabla hajajikaza na kujifanya haoni kitu cha maana. Prosper ameliona jicho hilo. Anakataa bei ya kwanza, anaanza kufunga vitu vyake, na mzee anashindwa kuvumilia. Aliyekulia mahali ambapo mnunuzi huondoka dukani ili aitwe arudi ataufahamu mchezo huo mara moja. Nilipomaliza sura hiyo, mtoto mkubwa alisema Prosper angefaa kupelekwa sokoni kununua samaki. Koleo ile, kwa upande wake, ina habari nyingine, nayo inajitokeza baadaye sana, pale msomaji akiwa ameshaisahau.

Wazazi kadhaa niliowatajia kitabu hiki waliniuliza swali moja: je, si hadithi inayowasifia wezi? Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa bila kuzungushwa. Funke hawasifii. Prosper anaona aibu kila mara, na anajitahidi mdogo wake asijifunze kazi hiyo, ingawa Bo mwenyewe anaiona kama mchezo. Riccio ana mkono mwepesi na anafurahia kuwa nao, na mwandishi hamfichi. Lakini pia anatuonyesha meno yake mabovu na usingizi wake wa mtoto anayekumbuka njaa. Kabla ya kuwa mwandishi na mchoraji, Funke alifanya kazi miaka kadhaa na watoto wa familia zenye shida nchini Ujerumani, na nadhani hapo ndipo ulipotoka uwezo wake wa kuuelezea wizi wa mtoto bila kumhukumu na bila kumremba. Kwangu mimi huo ni uaminifu, na mtoto mwenye akili anauhisi.

Pembeni ya watoto yupo Victor Getz, mpelelezi wa kujitegemea aliyekodiwa na Esther ili awatafute ndugu hao. Anabandika masharubu ya bandia, anafuga kobe wawili, na ana huruma kuliko kazi yake inavyomruhusu. Watoto wanapomkamata na kumfungia ndani ya choo cha sinema, mazungumzo yake na Bo ni miongoni mwa kurasa zilizotuchekesha zaidi. Kinachonigusa kwa Victor ni kwamba yeye ndiye mtu mzima wa kwanza katika kitabu anayetoa ahadi kwa watoto na kuitimiza.

Sasa nifike kwenye maajabu yenyewe, maana wengi hukichukua kitabu hiki wakitarajia ulimwengu mwingine. Hapa sina budi kuonya. Anayetaka mlango unaofunguka katika sura ya pili na kumtumbukiza kwenye nchi ya mazimwi atachoka kungoja. Nusu nzima ya riwaya hii inaweza kusomwa kama hadithi ya upelelezi katika mji halisi: madaraja, ukungu, baridi inayoingia mifupani, njiwa wa uwanja wa Mtakatifu Marko, mashua zinazogonga kuta. Maajabu yanaingia kwa kunyatia. Kwanza mtu anayejiita Conte anataka kukutana na mkuu wa wezi, na mahali anapopanga wakutane ni ndani ya kibanda cha maungamo katika kanisa kuu la Mtakatifu Marko. Anakaa upande wa pili wa kimiani, sauti yake tu ndiyo inayosikika, na kazi anayowapa ni kuiba kitu kimoja: bawa la mbao. Anawaachia picha ya bawa hilo na njiwa ndani ya kikapu, ambaye watamwachia aruke kupeleka ujumbe kazi itakapokamilika. Dhahabu haitajwi, lulu wala vito havitajwi, ila bawa la mbao lililochakaa, na kwa sababu hiyo msomaji anaanza kushuku kwamba ulimwengu huu una ufa mahali fulani.

Bawa hilo limo nyumbani kwa Ida Spavento, mpigapicha anayeishi peke yake katika uwanja wa Santa Margherita, na watoto wanapoingia kuliiba wanamkuta amesimama gizani na bunduki mkononi. Badala ya kuwaita polisi, anawaambia habari ya bawa hilo. Ni la simba wa pembea ya kuzunguka iliyochongwa zamani kwa ajili ya watoto yatima waliokuwa wakilelewa na masista, nayo ilikuwa na nguvu ya ajabu: mtoto akiipanda hugeuka mtu mzima, na mtu mzima akiipanda hurudi utotoni. Iliibwa, ikapotea, na bawa lilidondoka wakati wa wizi huo. Neno "pembea" halikuhitaji maelezo yoyote kwetu. Watoto wamezipanda zile za kuzunguka viwanjani wakati wa Idi, wanajua kizunguzungu chake na wanajua pia kile kipindi kifupi ambacho mtu akishuka huona dunia inaendelea kuzunguka peke yake. Nilipowaambia kwamba akishuka kwenye pembea ya kitabuni mtu huwa si yule aliyepanda, walinyamaza wote wawili.

Msomaji asiyependa kuambiwa mambo ya mwisho na aziruke aya mbili zinazofuata.

Scipio si yatima wala si mwizi. Ni mtoto wa Dottor Massimo, tajiri mkubwa ambaye hata sinema ya Stella ni mali yake, na vitu vyote alivyokuwa akiwaletea wenzake, ikiwemo ile koleo ya sukari, alivichukua kwao nyumbani. Wenzake wanagundua hayo wanapokwenda nyumbani kwao na kumwona kwenye ngazi, amevaa nguo safi zilizopigwa pasi, huku baba yake akizungumza naye kama mtu anavyozungumza na kitu kilichowekwa mahali pasipo pake. Hakuna kipigo katika ukurasa huo, wala tusi kubwa. Kuna dharau tu ya kila siku, ile ya mzazi asiyemtazama mtoto anapomsemesha. Funke ameiandika kwa utulivu mkubwa, na kwa maoni yangu hakuna ukurasa ulio bora zaidi katika kitabu chote. Riccio na Mosca wanajiona wamedanganywa, na wana haki. Lakini msomaji ameshaelewa kwa nini mtoto mwenye kila kitu angependa kuvaa kinyago na kuwa mfalme wa watoto wasio na kitu.

Kwa hiyo pembea inapopatikana, katika kisiwa kilichojitenga kwenye wangwa wa Venice, Scipio anaipanda. Prosper, aliyetamani kuipanda ili awe mtu mzima na kumlinda Bo kisheria, anasita na kubaki chini. Hapa ndipo penye kiini cha riwaya, na ndipo inapojitenga na hadithi nyingi za ajabu za watoto ambazo mwishoni humrudisha kila mmoja nyumbani jinsi alivyokuwa. Scipio anakuwa mtu mzima, na pembea inaharibika baadaye mikononi mwa mtu mwenye tamaa. Hawezi kurudi. Ana ndevu, ana kimo, hakuna tena baba wa kumwamuru, lakini miaka iliyopaswa kuwa katikati haipo na haitakuwepo. Mwandishi hamhurumii kwa sauti kubwa wala hamwadhibu. Anampa kazi pamoja na Victor na kumwacha aishi. Mwanzoni nilidhani huo ni mwisho wa furaha. Niliposoma mara ya pili nilisita, na bado nasita. Yule Conte na dada yake, ambao walikuwa watumishi wa nyumba ya kitajiri tangu utotoni na hawakupata nafasi ya kucheza, wanarudi kuwa watoto, nao pia wanalipa kwa namna yao. Mtoto mkubwa aliniuliza kama Scipio atakufa mapema, kwa kuwa ameruka miaka. Tulikaa na swali hilo usiku ule wote, tukihesabu.

Kasoro zipo. Esther, niliyesema alipata uzito katika Kiswahili, katika kitabu chenyewe ni mwepesi mno: kila anapotokea analalamika, anachukizwa na uchafu, anataka mtoto mzuri wa kuonyesha watu. Binadamu aliyefiwa na dada yake angekuwa na angalau dakika moja ya majonzi, na mwandishi hakumpa dakika hiyo. Barbarossa naye, baada ya kujiharibia kwa tamaa, anapewa hatima ya kuchekesha ambayo watoto waliishangilia, lakini mimi niliiona imepangwa kwa urahisi kupita kiasi, kana kwamba mwandishi alikuwa na mafundo mawili na akaona ni nafuu kuyafunga pamoja. Msichana yule mpenda vitabu alistahili sura zake mwenyewe. Tunajua anasoma, tunajua ana busara, tunajua anamfariji Bo. Anakotoka hatukujui, na wavulana ndio wanaopewa nafasi ya kutamani na kukosea. Isitoshe, katikati ya kitabu kuna safari nyingi za kwenda na kurudi kati ya sinema, ofisi ya Victor na nyumba ya Ida, na hapo mtoto mdogo alilala usiku mbili mfululizo.

Kuhusu lugha, tafsiri ya Latsch ni nyepesi kwa maana nzuri. Sentensi ni fupi, sura ni fupi, na maneno ya Kiitaliano yanayobakizwa yanaeleweka kwa muktadha wake. Mwanafunzi wa darasa la sita au la saba anayesoma Kiingereza kwa bidii anaweza kuimudu peke yake, ingawa ni zaidi ya kurasa 300. Michoro ni ya Funke mwenyewe, midogo, ya wino, na inafaa kutazamwa kwa utulivu kwa sababu huonyesha vitu kuliko sura za watu: hivyo kila msomaji anabaki na Prosper wake na Bo wake. Mwaka 2003 toleo hili la Kiingereza lilipata Tuzo ya Mildred L. Batchelder, inayotolewa Marekani kwa mchapishaji wa kitabu bora cha watoto kilichofasiriwa kutoka lugha nyingine, na nikiyatazama maandishi yenyewe sioni kwamba ilitolewa kwa upendeleo. Filamu yake, iliyoongozwa na Richard Claus, ilitoka mwaka 2006. Inapendeza kwa mandhari ya mji, lakini filamu haina nafasi ya kutuacha tukae gizani na watoto wakisikiliza mvua juu ya paa la Stella. Yeyote atakayeanza nayo atakuwa amejinyima ladha ya kugundua polepole.

Ningekipendekeza kwa watoto wa miaka tisa hadi 13, na kwa mtu mzima yeyote anayelea mtoto asiye wa kumzaa. Chini ya miaka tisa ni afadhali kisomwe kwa sauti na mkubwa, hasa zile kurasa za Dottor Massimo, kwa sababu mtoto anaweza kutaka kusimama hapo kidogo. Sisi tulisimama siku moja nzima. Kesho yake ndugu hao wawili walikuja wamekaa mkeka mmoja, wameshakubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba hata pembea ingeletwa uani kwetu wasingeipanda, isipokuwa kama wangeruhusiwa kupanda wote wawili kwa pamoja na kushuka wakiwa wamepishana miaka ile ile minne.